Alteneta Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi hununua betri mpya, na hiyo nayo ikifa baada ya wiki chache lawama huhamia kwa alteneta. Huenda vyote viwili ni vizima. Alteneta huzalisha umeme injini inapozunguka, ikalisha taa na vifaa vingine, na papo hapo ikairudishia betri kile kilichotumika kuwasha injini. Hitilafu ikiingia popote katika njia hiyo, iwe kwenye mkanda unaoteleza, waya ulioshika kutu, fyuzi, rigaleta (kifaa kinachodhibiti volti za alteneta) au alteneta yenyewe, dalili anazoziona dereva ni zilezile.

Upimaji huanza injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikiwa chini ya 12 ichajiwe kwanza, kwani betri dhaifu hupotosha vipimo vinavyofuata. Baada ya hapo injini iwashwe, na kwa magari mengi mita ya volti iliyowekwa kwenye vichwa vya betri itaonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Magari mapya ambayo kompyuta hupanga uchaji huweza kushusha kiwango hicho kwa makusudi, kwa hiyo pima tena volti za betri, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa.

Kipimo kikiwa cha chini, usifungue alteneta bado. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Pima kwenye nguzo ya waya mnene nyuma yake, vifaa vikiwa vimewashwa: ikiwa huko kuna volti 14.4 na kwenye betri ni 13.2, alteneta inafanya kazi yake, ila umeme unapotelea njiani, na dawa ni kusafisha au kubadilisha viungo na nyaya, pamoja na ule wa ethi unaounganisha injini na bodi.

Itazamwe pia taa ya betri kwenye dashibodi, ambayo inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa kabla ya injini kuwaka. Katika magari mengi ya zamani, mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta, hivyo balbu ndogo iliyoungua yatosha kuizuia isichaji.

Volti zikizidi 15, mshukiwa wa kwanza ni rigaleta, na betri inayochemka kwa sababu hiyo hutoa hewa inayolipuka. Moto usisogezwe karibu. Betri inayochajiwa vizuri mchana lakini ikaamka tupu huenda inanyonywa na dayodi (kijisehemu kinachopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu) inayovuja ndani ya alteneta, ingawa hata taa ya buti isiyozimika huleta matokeo hayohayo.

Mazoea ya kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma, ili kuona kama itazimika, hayafai kabisa: volti huweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari. Na ikithibitika kwamba alteneta lazima itolewe, waya hasi wa betri utangulie kufunguliwa, kwa maana ule waya mnene wa nyuma una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni.