Maji ya Dar es Salaam huanzia shambani, Uluguru

Mkazi wa Kimara anayefungua bomba alfajiri hupokea maji yaliyosafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959, na mwenzake wa Tegeta hupokea maji ya Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mtambo wa mwaka 1976. Mitambo hiyo miwili, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku, huchota katika mto mmoja. Mto Ruvu, pamoja na matawi yake makuu, hushuka kutoka Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na katika miteremko hiyo, chini kidogo ya msitu wa hifadhi, wanaishi wakulima ambao kila msimu huishika ardhi hiyo kwa jembe la mkono. Mimi ni mtaalamu wa hifadhi ya udongo na maji. Naishi Dar es Salaam, lakini kazi imenipandisha Uluguru mara nyingi, na ninachotaka kueleza hapa ni kwamba shamba la mkulima wa kule ni sehemu ya mfumo wa maji wa jiji hili kama zilivyo pampu na matangi, ila tangu enzi za mkoloni tumelishughulikia kwa amri mahali palipohitaji makubaliano na malipo.

Chukua kata ya Kibungo Juu, katika Wilaya ya Morogoro. Ukitoka Morogoro mjini unapita Kiroka, Mkuyuni na Matombo, kisha unaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda, kwanza kwa bodaboda, halafu kwa miguu. Nyumba zimejibanza kwenye vijukwaa vidogo vilivyochongwa ubavuni mwa mlima. Mashamba yamezizunguka: mahindi, mihogo, maharage, mpunga wa mlimani usiohitaji jaruba, migomba kila penye unyevu, na kwenye kaya zilizopanda mapema, midalasini na pilipili manga zilizoparamia miti. Huo ni upande wa mashariki, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, na sehemu zake za juu hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mteremko ni mkali kiasi kwamba anayepalilia huweza kuugusa udongo ulio mbele yake bila kuinama sana.

Sasa tuiangalie mvua yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina zaidi kidogo ya mita za mraba 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo pale Uluguru wakati wa masika si jambo la kushangaza, humwaga karibu lita 120,000 juu ya ekari moja. Kwa kipimo tunachokijua mjini, hayo ni maboza 12 ya lita 10,000, yaliyomiminwa ndani ya muda mfupi juu ya shamba lililoinama kama paa la nyumba. Kama shamba hilo lilifyekwa na kuchomwa moto ili kuwahi kupanda, matone huupiga udongo ulio wazi, huzivunja chembe zake, na vumbi laini linalopatikana huziba vinyweleo vya ardhi. Baada ya hapo maji hayaingii tena; huteremka, na hayateremki peke yake, maana huchukua tabaka la juu ambalo ndilo lenye rutuba. Anayelipia kwanza ni mkulima mwenyewe, kwa mavuno ya mwaka unaofuata. Sisi hulipia baadaye, mto unapofika Mlandizi ukiwa mwekundu na mtambo ukalazimika kutumia dawa nyingi zaidi ya kuzamisha tope, kama bibi zetu walivyotumia shabu kwenye mtungi.

Lakini tope si shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa huonekana kuanzia Septemba, wakati mvua zimekatika kwa miezi kadhaa na za vuli bado hazijashika. Mto unaotiririka wakati huo hautokani na mvua ya jana bali na maji yaliyozama ardhini wakati wa masika na kutoka polepole kupitia chemchemi. Kila lita iliyoteremka juu juu mwezi Aprili ni lita ambayo haitakuwepo Oktoba. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka miezi ya mwisho ya mwaka 2022, vuli ilipochelewa, Ruvu ikapungua na tukaingia kwenye mgawo wa maji. Siwezi kuwabebesha wakulima lawama ya mvua kuchelewa, na ni kosa kufanya hivyo. Ninachosema ni kwamba milima iliyonyonya vizuri huhimili ucheleweshaji huo kwa muda mrefu zaidi. Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, lililosanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litatusaidia kuyashika mafuriko, na nalifurahia, ila bwawa nalo hujaa tope, na tope hilo hutoka mashamba yaleyale.

Dawa inajulikana, na mojawapo ina jina la Kiswahili ambalo limeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote bila kutafsiriwa: fanya juu. Mkulima huchimba mfereji unaokatiza mteremko, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu ili uwe tuta. Maji yanayoteremka hukwama nyuma ya tuta, huacha tope lake pale na kuzama. Mwaka hadi mwaka udongo hujijaza juu ya tuta, mteremko hulegea, na hatimaye shamba hujijenga lenyewe kuwa ngazi. Siri ya kazi nzima ni mstari wa kontua, yaani mstari unaokatiza mlima bila kupanda wala kushuka, maana tuta lililoinama hata kidogo hukusanya maji yote kwenye kona moja, nayo yakipasua hapo huchimba korongo baya kuliko lile ambalo lingekuwepo bila tuta.

Kuupata mstari huo hakuhitaji chombo cha gharama. Asubuhi moja nilikuwa shambani kwa bibi mmoja ambaye, baada ya shikamoo na maswali ya familia, aliniletea nguzo mbili za mianzi zenye urefu wa kama mita mbili na fito moja fupi. Tulizifunga kwa kamba za migomba zikawa na umbo la herufi A, kisha tukaning'iniza kutoka juu uzi wenye jiwe, kama timazi ya mwashi. Kwanza tulisimamisha fremu, tukaweka alama pale uzi ulipopita kwenye fito. Tukaigeuza, mguu wa kulia ukakaa palipokuwa na wa kushoto, tukaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa wa kweli. Kuanzia hapo ni kutembeza fremu kama mtu anayepiga hatua: mguu mmoja unabaki, mwingine unazungushwa hadi uzi utulie kwenye alama ya kati, na kila hatua mtoto anachomeka kijiti. Bibi alitazama mstari wa vijiti ulivyopinda kufuata ubavu wa mlima, akaniambia, "Mwanangu, kumbe maji yangenidanganya. Mimi ningechimba moja kwa moja." Kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: nani angeuchimba mfereji huo?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mfereji wa fanya juu hufika sentimita 60 kwenda chini na kama hizo kwa upana, na kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo matuta yanavyopaswa kusogeleana. Ekari moja humaliza nguvu ya kaya kwa wiki kadhaa, na wiki hizo huangukia kabla ya mvua, wakati kaya hiyohiyo inatafuta vibarua ili ipate chakula. Faida huja baada ya misimu miwili au mitatu. Tena tuta hula sehemu ya shamba. Mwaka wa kwanza, mara nyingi mkulima huvuna kidogo kuliko jirani ambaye hakufanya lolote, hasa asipokuwa na samadi ya kurudisha rutuba kwenye udongo uliopinduliwa.

Historia ya Uluguru inalithibitisha hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi, pamoja na makatazo ya kuchoma moto na faini kwa wasiotii. Wataalamu wa wakati ule hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Walikosea kuhusu udongo na kuhusu watu. Kwenye miteremko mingi tabaka lenye rutuba ni jembamba, kwa hiyo kuchonga ngazi kwa mara moja kulilifukia na kuleta juu udongo mfu usiootesha kitu, na mkulima aliyetii akavuna mabua. Mwezi Julai 1955 hasira ililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukaachwa. Mpaka leo, ukifika na kamba ya kupimia katika baadhi ya vitongoji, wazee hukuuliza kwanza umetumwa na nani. Wana haki ya kuuliza.

Na bado, ukivuka kwenda upande wa magharibi, Mgeta, utakuta ngazi zilizotunzwa vizuri, zimejaa kabeji, karoti na njegere zinazomwagiliwa kwa mifereji midogo. Mlima ni uleule na Waluguru ni walewale. Tofauti ni kwamba mboga za Mgeta zina soko la haraka, na mifugo ya nyumbani hutoa samadi, hivyo ngazi hulipa ndani ya msimu mmoja. Waluguru wa Mgeta pia walikuwa na ngazi zao za asili kabla ya amri yoyote: magugu hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatiza mteremko, na udongo wa juu huvutwa kuyafunika yaoze. Ni ngazi ndogo, hujengwa upya kila msimu, na haiufukii udongo wenye rutuba. Ningependa kila ofisa kilimo mpya aitazame kwa makini kabla hajafungua mwongozo wake.

Jambo la pili ambalo wapangaji wa mjini hulisahau ni umiliki. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi kwa kawaida ni ya ukoo, yaani lukolo. Mwanamume aliyeoa mara nyingi hulima shamba la ukoo wa mkewe. Kulima mahindi hapo hakuna tatizo, lakini mti ni kitu kingine, kwa kuwa mti hudumu na aliyeupanda huonekana amejitwalia mahali. Baba mmoja alinieleza kwa upole kwamba akipanda midalasini kwenye shamba la mkewe, wajomba wa watoto watamwita kikaoni. Hapo hakuna ujinga wa kuondolewa kwa semina. Kinachohitajika ni kuanza na kikao cha ukoo, mama wenye ardhi wakiwepo, wakubaliane mti ni wa nani na matuta yatabaki mikononi mwa nani, ndipo miche ipande mlimani.

Jaribio lililokaribia zaidi kulijibu swali la bibi lilifanyika huko huko Kibungo Juu. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa malipo kwa huduma za vyanzo vya maji katika vijiji vya Kibungo, Lanzi, Dimilo, Lukenge na Nyingwa. Watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, yaani shirika la majisafi la wakati huo, DAWASCO, pamoja na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, walichangia, na mkulima alilipwa kulingana na ukubwa wa eneo alilolibadilisha na aina ya kazi aliyoifanya, iwe fanya juu, ngazi, mistari ya nyasi au kilimo mseto na miti. Kwa maoni yangu, thamani ya mpango ule ilikuwa katika mkataba kuliko katika kiasi cha fedha. Kwa mara ya kwanza mji ulikiri kwamba unanunua kitu kutoka kijijini, na mkulima akapimwa kwa kazi yake badala ya kutozwa faini. Udhaifu wake ni kwamba ulikuwa mradi, na mradi huwa na mwisho, wakati tuta linahitaji kufukuliwa na kupandwa nyasi kila mwaka.

Tulichonacho kama sheria ya kudumu ni katazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kama ile ya mazingira ya mwaka 2004, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa chanzo cha maji. Kwenye mto wa tambarare ni kipimo chenye busara. Katika kijiji cha Uluguru ambako kijito kimoja na kingine vinaweza kutenganishwa na mita 100 tu, mita 60 za upande huu na 60 za upande ule hukutana na kupitana, na shamba lote lililo katikati hutoweka kwenye karatasi. Mwenyekiti wa kijiji hubaki ama kuwahamisha watu wote au kufumba macho, na hufumba macho.

Sheria hiyohiyo ya 2009 huwatoza watumiaji wa maji ada kwa ajili ya bodi za mabonde, yaani vyombo vinavyosimamia maji ya kila bonde la mto, na Bonde la Wami/Ruvu ni mojawapo. Mfereji wa fedha, kwa maneno mengine, umeshachimbwa. Ningependa sehemu ya ada inayotokana na maji ya jiji hili itengwe kisheria kwa ajili ya mikataba ya muda mrefu na vijiji vya juu: ukoo ukubali, mistari ipimwe, kazi ilipwe kwa mita, na nyasi za ukingoni zibaki mali ya kaya kwa mbuzi wao. Bibi yule alichimba mifereji miwili kati ya mitano tuliyoipima, kwa msaada wa wajukuu wakati wa likizo. Vijiti vya mitatu iliyobaki vilikuwa bado vimesimama nilipopita tena, vingine vimeshaota majani.