"Dokta, nimekuja kupitisha kichwa"

Wiki hii wamebisha hodi wanafunzi saba wa mwaka wa tatu. Sita walisimama mlangoni na karatasi yenye vichwa vitatu vya tasnifu kwa herufi kubwa, wakatamka maneno yaleyale: "Shikamoo Dokta, nimekuja kupitisha kichwa." Wa saba alikuwa amekosea mlango.

Sijui ni nani aliyewaambia kwamba kikao cha kwanza na msimamizi ni dirisha la kugongea muhuri. Kichwa ndicho kitu cha mwisho kukaa sawa katika tasnifu. Changu mimi nilikibadilisha wiki ya kupeleka kazi kujalidiwa, na hakuna aliyenifukuza chuo.

Chukua kichwa ambacho nimekiona mara nyingi mpaka nakiota: "Athari za Mitandao ya Kijamii kwa Kiswahili Sanifu". Mitandao ipi? Kikundi cha WhatsApp cha ukoo hakiandiki kama vijana wanaotupiana vijembe kwenye Instagram. Kipengele gani cha lugha: tahajia, msamiati au upatanisho wa kisarufi? Na hizo athari utazijuaje bila kujua watu hao walikuwa wanaandikaje kabla ya kushika simu? Kijana anayeandika "xaxa" kwa rafiki yake, kisha akaandika "sasa" kwenye karatasi ya mtihani, ameathirika au ana mitindo miwili na anajua kila mmoja unavaliwa wapi? Hapo pana utafiti mzuri kabisa, ila mwenye kichwa hajapaona. Anajibu, "Nitarekebisha, Dokta." Wiki ijayo anarudi na kichwa kilekile, kimeongezewa mkia: "Uchunguzi Kifani wa Mkoa wa Dar es Salaam". Mkoa uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022! Yeye ana miezi minne na nauli ya kuungaunga.

Kuna mmoja alikuja bila kichwa, ameinamisha uso kana kwamba anakuja kuungama. Nikamuuliza huwa anashangaa nini akiwa barabarani. Akatoa simu. Alikuwa na picha kama ishirini za maandishi ya nyuma ya bajaji za kijiweni kwao, amezipiga kwa kujifurahisha tu. Akasema, "Mengine sielewi yanamwambia nani." Nilitamani kumkumbatia. Swali lilikuwa hilohilo: maneno yale yanamsemesha abiria, dereva mwenzake, au jirani aliyedhani bajaji haitanunuliwa? Data ilikuwa inapita mbele ya nyumba yao kila asubuhi, wenye bajaji anawajua kwa majina, na kazi za watu kuhusu maandishi ya kanga zingempa pa kuanzia kulinganisha. Tulikaa saa nzima. Kichwa tulikuja kukiandika data ilipokwisha kukusanywa.

Kwa hiyo ukija kwangu mara ya kwanza, niletee ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, maana kwenye kompyuta mtakopiana. Uwe na swali moja linaloishia na alama ya kuuliza, mahali data ilipo na utakavyoifikia, na kazi mbili ulizosoma zilizokukera au kukuvutia, pamoja na sababu. Sura ya kwanza usiniletee. Wapo wanaojificha miezi miwili wakiikamilisha "ndipo waje", kisha tunaifuta yote, machozi yanatoka.

"Mada yangu haijawahi kuandikwa na mtu." Hii husemwa kwa kujivuna, na mara nyingi maana yake ni kwamba umetafuta mara moja, kwa Kiswahili tu, kwenye simu. Mengi kuhusu lugha yetu yameandikwa kwa Kiingereza na hata Kijerumani, na maktabani kuna majarida ya Kiswahili ambayo hayapatikani yote mtandaoni. Halafu hata kama kweli hakuna, pengo la maarifa haliwi hivyo. Pengo la jino huonekana kwa sababu pembeni pana meno. Kibogoyo hana pengo. Nionyeshe kwanza meno: nani kasema nini, kaishia wapi. Na marejeo uliyotungiwa na akili unde niletee kitabu chenyewe nikishike.

"Lazima niwe na fomula ya sampuli." Maskini Yamane, mwenye fomula yake! Watu 400, kosa la asilimia 5, jibu 200. Hesabu ni sahihi. Kisha unaniambia hao 200 utawafanyia usaili wa kina, peke yako, ndani ya mwezi. Fomula hiyo ni ya anayetaka kukadiria idadi kwa hojaji. Anayetaka kuelewa kwa nini dereva kaandika alichoandika anaweza kutosheka na watu 12, mradi aseme kwa nini hao na si wengine. Siku ya kwanza fomula iache nyumbani.

Na lile la kwamba kumuuliza mwalimu maswali ni utovu wa adabu. Adabu umeshaimaliza kwenye shikamoo. Ukiitikia "sawa Dokta" kwa jambo ambalo hukulielewa, umenidanganya, na utaliona kosa lake tarehe ya kukusanya kazi. Njoo na daftari. Jioni hiyohiyo nitumie ujumbe wa mistari mitano: tulikubaliana nini, utaleta nini, lini. Nasimamia watu 14. Bila ujumbe huo, kikao kijacho naweza kukwambia kinyume cha niliyosema leo, nawe utaitikia sawa.

Napatikana Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa saba. Ijumaa mchana usibishe.