Je, Wajua Kwa Nini Latke za Oveni Hulegea, na Dawa Yake ni Ipi?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wa Kislev katika kalenda ya Kiyahudi, ambayo mara nyingi huangukia Desemba, Wayahudi husherehekea Hanuka kwa siku nane, na siku hizo kikaango hakipoi. Sikukuu hiyo inakumbuka mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipolitakasa upya Hekalu la Yerusalemu baada ya kulitwaa kutoka kwa majeshi ya mfalme Antioko wa Nne. Talmud, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba kilipatikana kichupa kimoja tu cha mafuta safi ya zeituni ya kuwashia taa ya Hekalu, ya kutosha siku moja, nayo yakawaka siku nane. Ndiyo maana chakula cha Hanuka ni chakula cha mafuta: Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki hukaanga latke, yaani chapati ndogo za viazi vilivyokwanguliwa, wa Moroko hukaanga sfenji, yaani maandazi yenye umbo la pete, na Israeli nzima hula sufganiyot, maandazi ya mviringo yenye jamu ndani.

Siku nane za vya kukaanga si mchezo kwa mtu anayeangalia moyo wake au uzito wake. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na kikaango cha latke hunywa vijiko vingi. Kwa hiyo wengi wameamua kuoka. Wanachanganya viazi, yai na kitunguu kama kawaida, wanapanga kwenye trei, na baada ya nusu saa wanatoa vitu vyeupe, vilivyolegea, vilivyoganda kwenye trei. Mtoto anaonja kimoja na kukisukuma pembeni.

Kosa si la oveni. Kosa ni la maji.

Kiazi kina maji karibu asilimia 80, na zukini, mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, hufika asilimia 95. Uso wa chakula ukiwa bado umelowa, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100, kwa sababu nguvu yote inaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani huanza kupatikana vizuri uso ukifika kama nyuzi 140. Mafuta ya kukaangia yenye nyuzi 180 hukimaliza kizuizi hicho cha maji kwa dakika chache tu. Hewa ya oveni haiwezi, maana hewa hupitisha joto kwa uvivu sana: mkono wako huingia mara moja kwenye oveni yenye nyuzi 200 na kutoka salama, lakini hakuna anayethubutu kuuchovya kwenye mafuta ya moto. Basi anayeoka lazima ayaondoe maji mwenyewe kabla moto haujaanza kazi.

Kwangua viazi na kitunguu, vifunge kwenye kitambaa safi, kisha songoa kitambaa kwa nguvu zako zote juu ya bakuli. Maji yatakayotoka usiyamwage. Yaache yatulie kama dakika tano, halafu mimina taratibu, na chini ya bakuli utakuta tabaka jeupe, zito, linalong'ang'ania kidole. Huo ni wanga wa kiazi. Urudishe kwenye mchanganyiko, kwa sababu ndio utakaoshika nyuzi za viazi pamoja bila kuongeza unga mwingi, na ndio utakaokauka vizuri kwa nje. Chumvi itie mwisho kabisa, mchanganyiko ukiwa tayari kwenda kwenye trei, maana chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga.

Jambo la pili ni trei yenyewe. Washa oveni mpaka nyuzi 220, paka trei ya chuma vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya zeituni, iingize tupu ipate moto, na hapo ndipo uweke mchanganyiko na kuubonyeza uwe mwembamba. Ukisikia mlio wa mafuta, umepatia. Acha nafasi kati ya latke na latke ili mvuke utoke, na zigeuze upande wa chini ukishakuwa na rangi. Vijiko viwili vikigawanywa kwa latke 12, kila moja inapata kalori kama 20 za mafuta. Mafuta hayo machache usiyafute. Kazi yake ni kubeba joto la chuma mpaka kwenye kila mkunjo wa kiazi.

Wapo wanaouliza kama kuoka si kuivunja desturi. Hakuna sheria ya Kiyahudi inayoamuru kukaanga. Ni mila tu, na kiini chake ni mafuta, hasa ya zeituni, ambayo ndiyo yaliyowaka Hekaluni. Hata kiazi chenyewe ni mgeni, kwani kilitoka Amerika Kusini na kuenea Ulaya Mashariki karne nyingi baada ya Wamakabayo. Zamani huko walikaangia mafuta ya bata bukini, na kwa kuwa sheria za kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hazichanganyi nyama na maziwa, latke hizo hazikuweza kuliwa na malai chachu. Za mafuta ya zeituni huliwa na malai au na mchuzi wa matufaa, upendavyo.

Ukizoea, jaribu mboga nyingine. Karoti na viazi vitamu huwahi kuungua kwa sababu ya sukari yake, hivyo punguza moto ufike nyuzi 200. Zukini itie chumvi kwanza, iache itoe maji, uisuuze kidogo, kisha ikamue vizuri. Hii ndiyo inayokwenda kinyume na kanuni ya viazi. Ila mboga ninayoipenda zaidi kwa oveni ni liki, ile ya jamii ya kitunguu yenye shina refu jeupe. Wayahudi wa Uturuki wana vibonge vyake viitwavyo keftes de prasa: liki huchemshwa, hukamuliwa, huchanganywa na yai na unga wa matza, yaani mkate usiotiwa chachu. Kwa kuwa liki imeshaiva, oveni inabaki na kazi moja tu ya kuukausha uso, na inaifanya vizuri sana.

Sufganiyot ziacheni kwenye mafuta. Ukizioka unapata mkate mtamu wenye jamu. Ni mzuri, lakini ni chakula kingine. Afadhali kula sufganiya moja ya kukaanga, na trei nzima ya latke za kuoka.