Helmeti ya mtoto si sare ya shule

"Nipe kubwa kidogo, imfae na mwakani." Kwa wazazi wetu wa Minnesota na Toronto, theluji ikianza tu na helmeti ya kutelezea ikitafutwa, wimbo ni huo huo. Sweta la sare likimpwaya mtoto, hakuna linaloharibika. Helmeti ikimpwaya, akianguka huhama kabla kichwa hakijagusa barafu, na panapopigwa ni pale palipobaki wazi. Kujazia nafasi kwa kofia ya sufu ni kujidanganya, maana sufu hubonyea na helmeti ikaanza kucheza upya. Akiona baridi, kitambaa chembamba kichwani kinatosha.

Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe sentimita 2 hivi juu ya nyusi na kisogoni palipochomoza. Namba za helmeti ni sentimita hizo hizo. Mvalishe ikiwa wima, ukingo wa mbele ukutane na miwani ya theluji bila kuacha ngozi wazi. Kabla ya kufunga mkanda, tikisa: ngozi ya paji la uso iende nayo. Ukishafunga, chini ya kidevu kipite kidole kimoja tu.

Na nywele jamani! Pima akiwa na msuko atakaotelezea. Twende kilioni hulala vizuri. Mafundo ya utosini huinyanyua helmeti, na shanga zikibanwa humwumiza mpaka ailegeze mkanda mwenyewe ukimpa kisogo.

"Ya baiskeli inatosha." Kwa sleji, kile kibao cha kukalia na kuteleza, ni afadhali kuliko kichwa wazi. Kwa skii, yaani kuteleza mlimani kwa mbao ndefu miguuni, tafuta alama ya kiwango cha usalama, EN 1077 au ASTM F2040, kwenye lebo ya ndani. Hoki ya barafu ina yake, yenye povu la kuhimili mapigo mengi.

"Haina ufa, bado nzima." Povu la ndani la helmeti ya skii likishabonyea halirudi, hata kama gamba linang'aa. Imepigwa kwa nguvu? Tupa. Ndiyo maana ya mtumba siitaki.

"Mteremko wenyewe ni wa wanaojifunza." Mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye mteremko wa namna hiyo huko Mont-Tremblant, Kanada, Machi 2009, bila helmeti. Aliinuka akiongea, akisema yuko salama. Siku mbili baadaye alifariki. Damu ilivujia ndani ya fuvu.

"Si amevaa helmeti?" Amevaa, lakini ubongo bado unaweza kutikisika humo ndani. Akitapika, akichanganyikiwa, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali saa hiyo hiyo, si panadoli na usingizi. Hata bila dalili hizo, akishagonga kichwa vibaya, siku hiyo harudi mlimani, alie asilie.