Je, wajua kwa nini pesa "hazihesabiki" kwa Kiingereza?

Kila mwenye pesa huzihesabu, na zikionekana pungufu huzihesabu tena. Ila ukifungua kitabu cha sarufi ya Kiingereza, utakuta "money" imewekwa kundi moja na maji, mchanga na hewa: nomino zisizohesabika. Wanafunzi wengi huamua kukariri orodha na kusonga mbele. Sababu ipo, na ukiishika, sehemu kubwa ya orodha hiyo inajieleza yenyewe.

Kinachohesabika au kisichohesabika si kitu chenyewe, ni jina lake. Nomino inayohesabika, kama "chair", huja na kipimo ndani yake: ukiitaja, msikilizaji anajua kiti kimoja kinaanzia wapi na kuishia wapi. "Money" haina kipimo hicho. Ukisema "five money", atakuuliza tano nini: noti tano, sarafu tano, au dola tano? Vinavyohesabika ni "note", "coin" na "dollar"; "money" ni jina la jumla lao. "Furniture" iko hivyo hivyo. Ni jina la ukoo mzima wa viti, meza, vitanda na makabati, lakini hakuna kitu kimoja chenye umbo la "furniture". Ndiyo maana ukitaka kuihesabu unaazima kipimo kutoka nje: "a piece of furniture", "two items of luggage", "a piece of advice".

Ushahidi uko ndani ya Kiingereza chenyewe, kwa kuwa kitu kilekile huweza kuwa na majina mawili, moja la kila upande. Viatu ni "shoes" vikihesabiwa na "footwear" visipohesabiwa. Majani ya mti ni "leaves", au "foliage". Kitunguu maji, "onion", kinahesabika. Kitunguu saumu, "garlic", hakihesabiki mpaka utaje punje, "a clove of garlic". Kuhusu hilo la vitunguu sina utetezi. Sarufi nayo ina vichekesho vyake. Tena Wafaransa husema "informations" na "meubles" kwa wingi bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo anayeandika "informations" au "furnitures" kwa Kiingereza hajashindwa kufikiri. Amekosea mpaka ambao Waingereza wamejichorea wenyewe.

Basi akili ya Mwingereza huona nini inaposikia "furniture", rundo moja au vitu kadhaa? Mwaka 2005 watafiti David Barner na Jesse Snedeker walichapisha majaribio yaliyowauliza watu wazima na watoto nani ana zaidi: mwenye kitu kimoja kikubwa au mwenye vidogo kadhaa. Kwa viatu, watu walimchagua mwenye vingi. Kwa dawa ya meno walitazama ujazo, wakamchagua mwenye fungu kubwa. Kwa "furniture", pamoja na kwamba kisarufi haihesabiki, walihesabu vipande, kama walivyofanya kwa viatu. Kumbe ulimi ndio unaokataa kuhesabu. Akili inaendelea na hesabu zake.

Majina nayo huhama. Zamani njegere ziliitwa "pease" kwa Kiingereza, neno lililotumika hata kwa umoja. Sauti ya mwisho ikawafanya watu wadhani ni wingi, na kufikia karne ya 17 wakaikata wakapata "pea", moja inayohesabika. Siku hizi "mail" bado haihesabiki, ila "email" imeshavuka, na hakuna anayeshangaa kusikia "three emails".

Kuna kuhama kwingine kunakotokea ndani ya sentensi moja tu, na huku ndiko kunakohitaji macho. "A chicken" ni kuku mzima mwenye manyoya. "Chicken" bila "a" ni nyama yake. "Two coffees" ni vikombe viwili vya kahawa. Wanafalsafa wa lugha hutania kwamba kuna mashine ya kusaga iwezayo kugeuza nomino yoyote inayohesabika kuwa rojo. Ndiyo maana ukitaka kusema unawapenda mbwa, sema "I like dogs". Ukiidondosha hiyo "s", umetangaza kwamba unapenda nyama ya mbwa.

Tukija kwenye maneno ya kiasi, msemaji wa Kiswahili ana nusu ya kazi mkononi. Tunasema vitabu vichache lakini maji kidogo, na huo ndio mpaka wa "few" na "little". Tunauliza vitabu vingapi, lakini maji kiasi gani: "how many" na "how much". Panapotuangusha ni kwenye -ingi, kwani viti vingi na maji mengi kwetu ni neno moja, ilhali Kiingereza kinadai "many chairs" na "much water". Pa kupumulia ni "a lot of", inayokubali pande zote mbili. Tena katika kauli za kawaida zisizo swali wala kanusho, ndiyo inayosikika vizuri. "I have much money" ni sahihi lakini inakakamaa. Angalia pia ile "a" ndogo: "a few friends" ni marafiki kadhaa, wanatosha, "few friends" ni malalamiko.

Mzozo mkubwa zaidi uko kwenye "fewer" na "less". Kanuni ya darasani ni "fewer books, less water". Lakini umbali, muda na pesa huchukuliwa kama fungu moja, kwa hiyo ni "less than ten kilometres". Kanuni yenyewe si kongwe hivyo: Alfred, mfalme wa Wessex katika Uingereza ya kale, alitumia "less" kwa maneno yanayohesabika katika karne ya 9, na mtu wa kwanza anayejulikana kupendekeza itenganishwe na "fewer" ni mwandishi Robert Baker, mwaka 1770, naye aliisema kama maoni yake tu. Wapenda sarufi waliilalamikia sana Tesco, maduka makubwa ya Uingereza, kwa mabango ya "10 items or less". Mwaka 2008 kampuni hiyo ikaamua kuyabadilisha, ikayakwepa maneno yote mawili na kuandika "Up to 10 items".