Kama dawa ni bure, hela mnaombea nini?

Hili swali naulizwa sana na wanaouliza wana nia nzuri tu. Mtu anataka kuchangia, ameskia kwamba shirika la Tumaini la Maisha pale hospitali ya Muhimbili wanatibu watoto wenye saratani bila kuwachaji wazazi, sasa anashangaa, kama dawa ni bure hela inaenda wapi? Mimi ni afisa ustawi wa jamii, si daktari wala siajiriwi nao, nafanya kazi na familia za hawa watoto hapa Dar, kwa hiyo nitaeleza kwa upande ninaoujua, upande wa mama aliyekaa kwenye benchi na begi lake la nguo.

Tuanze na kemo yenyewe, yaani dawa ya saratani. Ile dawa inaua seli zinazojigawa haraka, saratani ndo tabia yake hiyo, lakini uboho ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, nao unajigawa haraka kwa hiyo unachapwa humohumo. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zinashuka, na kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo mtoto anaweza kuonekana mzima wa afya, anacheza, anadai chipsi, mama anasema jamani si turudi tu nyumbani tusubirie dozi nyingine huko. Afu usiku joto linafika nyuzi 38. Kwa mtoto huyu homa sio ya kumpa panadol na kumfuta na maji, anatakiwa aanze antibayotiki ya mshipa mapema sana, ikiwezekana ndani ya saa moja, maana kinga hana na ndani ya masaa machache anaweza kuondoka. Sasa mtoto yuko kijijini Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka wodini, zahanati usiku imefungwa, na hata ingekuwa wazi yule mhudumu huenda hajawahi kuona mtoto wa kemo maisha yake yote, atampima malaria basi.

Ndo maana nyumba kama Ujasiri House, ambako mtoto na mzazi wanakaa kati ya dozi na dozi, mimi naihesabu kwenye dawa. Kitanda, choo safi, jiko la kupikia, maji, umeme, gari ya kumkimbiza wodini saa nane usiku. Vitu vya kawaida kabisa, na hakuna mfadhili anayefurahi kupiga picha na bili ya umeme wa LUKU.

Halafu kuna muda. Saratani za watoto hazifanani. Ile ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo, inakua kwa kasi ya kutisha, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja mbili, lakini inaskia dawa vizuri mno na tiba yake ni ya miezi. (Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeandika habari zake mwaka 1958 akiwa Kampala, kwa hiyo ni ugonjwa wa huku kwetu hasa, unaonekana zaidi penye malaria nyingi.) Leukemia, saratani ya damu, ile ya kawaida ya watoto, yenyewe inachukua miaka 2 na zaidi, na sehemu kubwa ya hiyo miaka ni vidonge vya kila siku, mtoto hana dalili yoyote, anaenda shule. Hebu jiweke wewe, mtoto wako anaruka kamba, shamba linakusubiri, na mtu wa hospitali anakwambia bado mwaka na nusu.

Watu wanakatisha matibabu. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani na nchi maskini chini ya asilimia 30, na katika sababu wanazozitaja kukatisha matibabu imo, sambamba na kuchelewa kugundua. Lengo walilojiwekea mwaka 2018 ni kuponya angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Mimi naamini kwetu hapa nauli inaweza kusogeza hiyo namba kuliko watu wanavyodhani.

Kazi yenyewe ya kuwafuatilia waliopotea ni simu. Namba uliyoandikiwa siku ya kwanza ni ya jirani, au ya mjomba ambaye kashabadili laini, kwa hiyo siku hizi sikubali faili bila namba tatu na jina la mwenyekiti wa kitongoji. Ukimpata mama hakwambii sina nauli, ni aibu, anakwambia tutakuja wiki ijayo dada. Unajifunza kusikia hiyo wiki ijayo. Wakati mwingine baba ndo kakataa, kaambiwa na ndugu kwamba mtoto karogwa na hospitali wanammaliza tu, na hapo ukianza kubishana na mganga umeshindwa. Mimi huwa naomba niongee na bibi. Bibi akikubali safari imepatikana. Na nauli napenda irudishwe akifika na tiketi, ila kwa asiye na kitu kabisa hiyo sera ni ukatili, atumiwe kabla, hata kama mmoja wao ataila hiyo nauli, sawa, bei yake ndogo.

Kuna jambo lingine ambalo haliandikwi kwenye vipeperushi. Mtoto ambaye tiba imeshindikana, familia inaanza kupiga hesabu ya kumsafirisha: akiwa hai ni siti ya basi, akishafariki ni gari la kukodi na jeneza mpaka Tabora huko. Hakuna anayeitamka hiyo hesabu, lakini ndo inayofanya wengine wamwondoe mtoto wodini mapema na maumivu yake, bila morfini ya kutosha, kuwahi. Taasisi inayoweza kumwambia mzazi likitokea la kutokea mwili tutausafirisha sisi, imempa yule mtoto siku zake za mwisho kwenye kitanda chenye dawa ya maumivu. Ukiniuliza hela yako iende wapi mimi ningeipeleka hapo, ila najua ni ngumu kuichangishia.

Kwenye picha sasa, maana lazima niseme. Ukija wodini na keki na maputo karibu sana, watoto wanafurahi kweli, ila simu weka mfukoni. Mtoto aliyenyonyoka nywele leo kesho anarudi shule, hataki picha yake izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno ya "sema amina". Na mama aliyesaini fomu ya ridhaa wakati wewe umebeba mchele wa bure mlangoni, hiyo ridhaa gani?

Ambaye hana hela, ana damu. Kemo inashusha pia plateleti, zile chembe zinazozuia mtu asivuje, na hizo hazikai, zikitengwa leo zinadumu siku 5 hivi, kwa hiyo hakuna benki ya damu itakayojaza stoo ikasahau. Familia ya mjini inaleta wajomba na mashemeji kuchangia, huyu mama wa Kigoma hapa Dar anamjua nani? Grupu la kanisa, vijana wa jogging, ofisi nzima, jipangeni kwa zamu, wachache wachache kila wiki, msije wote siku moja Septemba, mwezi wa saratani za watoto, halafu kimya mpaka mwakani. Kule Mwanza hivyohivyo, hospitali ya Bugando nao wana watoto wao. Kula kwanza, kunywa maji ya kutosha, na ukiambiwa damu yako haijafika kiwango usinune, rudi baada ya muda watakaokupa.