Loweka maharage usiku huu

Ninafanya kazi ya lishe Nyanda za Juu Kusini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni fupi: "Nile nini?" Anauliza mama mjamzito aliyeambiwa damu yake imepungua. Anauliza baba aliyepimwa sukari wiki iliyopita. Anauliza kijana anayeishi peke yake mjini, anayekula chipsi mayai kila usiku na kuamka amechoka. Wengi hutegemea nitaje kitu cha kwenye kopo au unga wa bei kubwa. Mimi huanza na maharage, na leo nataka nieleze sababu kwa kirefu, maana ukiyaelewa maharage umeelewa sehemu kubwa ya lishe ya nyumbani.

Kuna jambo linaloniumiza katika kazi hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mikoa yenye hali mbaya zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, na Iringa ilivuka nusu ya watoto wote. Mikoa hiyo ndiyo inayolisha nchi. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo, maparachichi yapo. Ukifika msimu wa kilimo utaona yanavyokwenda. Mama anatoka kabla jua halijachomoza, mtoto anabaki na bibi au dada yake na kikombe cha uji mwepesi. Chakula chenye mboga kinapikwa jioni, mara nyingi mtoto ameshasinzia. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, haliwezi kupokea kwa mlo mmoja kile alichopaswa kula kutwa nzima. Sababu za udumavu ni nyingi, magonjwa yamo, maji yasiyo salama yamo, mimba za umri mdogo zimo. Lakini kinachonijia mbele ya macho kila msimu ni uhaba wa muda jikoni, hata pale ambapo ghala limejaa.

Na katika vyakula vyetu vya kila siku, maharage ndiyo yanayodai muda hasa. Makavu, kwenye jiko la mkaa, bila kulowekwa, yanaweza kukaa motoni saa mbili au tatu. Mama akipiga hesabu ya mkaa na uchovu wake, anakaanga kabeji, maisha yanaendelea. Simlaumu. Ndiyo maana naanzia kwenye kuloweka, kazi ya dakika kumi inayofanyika mtu akiwa karibu kulala.

Mimina maharage kwenye ungo, chambua. Ondoa mawe, yaliyotobolewa na wadudu, yaliyokunjamana na yaliyobadilika rangi. Osha, weka kwenye sufuria kubwa, tia maji mara tatu ya maharage yenyewe, funika. Muda wa saa nane mpaka kumi na mbili unatosha. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga kwenye joto, usiyaache zaidi ya hapo, yataanza kuchacha na utaona povu. Asubuhi chukua punje moja uikate katikati. Kama imelainika mpaka ndani, rangi moja kote, yako tayari. Kama katikati kuna kiini kikavu cheupe, yape muda kidogo.

Maji ya kulowekea mwaga. Najua bibi zetu wengi hawamwagi, na najua hofu ya kupoteza vitamini. Ni kweli kiasi kidogo kinaondoka. Lakini kinachoondoka pamoja nacho ndicho kinachowafanya watu wakimbie maharage. Ndani ya punje kuna sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazila na kutoa gesi. Kuloweka kunazipunguza. Kunapunguza pia fitati, ambazo hushikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri. Na mtu aliyezoea kula maharage mara nyingi hujaa gesi kidogo kuliko anayeyala mara moja kwa mwezi, kwa hiyo anayeanza aanze na kiasi kidogo.

Kwenye kuchemsha sina mjadala. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, protini inayoweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Moto mkali unaiharibu, vuguvugu haliiharibu. Yachemke kweli kweli, yakitokota, si chini ya dakika 10 za mwanzo, ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive taratibu. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto ayachemshe kwanza hivyo hivyo kabla ya kuyafunika.

Nyanya, limau na ukwaju vingoje. Asidi inakaza ganda la punje, ukitia nyanya mapema utachochea moto mpaka ukate tamaa. Chumvi haina ubaya huo, hata ukiitia mapema maharage yataiva. Shida yake ni wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kuanzia chai ya asubuhi mpaka mlo wa usiku, na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vimo kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu magadi naulizwa kila mara. Yanalainisha kweli, na nawaelewa wanaoyatumia, hasa kwa maharage ya zamani yaliyokaa stoo yenye joto na unyevu, yale yasiyoiva hata uyapikeje. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage, na yanaongeza sodiamu kwenye chungu. Ni nafuu umuulize muuzaji: ni ya msimu huu au ya mwaka jana? Njano, kablanketi, Uyole, kila aina ina wenyewe. Ya njano yanasifika kwa kuiva upesi. Mimi huwaambia watu wanunue yale ambayo familia yao inayapenda, mradi ni mapya.

Sasa tuje kwenye kilichomo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi, pamoja na nyuzinyuzi nyingi, foleti, chuma, zinki na potasiamu. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Protini ya mahindi ina upungufu wa kimoja, laisini, na maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa kingine, methionini, ambayo nafaka zinayo. Ugali kwa maharage, wali kwa maharage, makande: vyakula tulivyokulia vinakamilishana vyenyewe. Ugali ukiwa wa dona ni bora zaidi, kwa sababu kukoboa kunaondoa kiini na pumba, na vitamini B na madini vinaondoka humo. Ila mahindi ya dona yawe safi na yamekaushwa vizuri, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Yule baba wa sukari namwambia apunguze bonge la ugali na aongeze maharage na mboga za majani. Maharage yana wanga pia, si chakula cha kula bila kipimo, lakini wanga wake unameng'enywa polepole na sukari haipandi kwa kasi kama anavyopata kwa sembe tupu.

Mama mwenye upungufu wa damu ana habari ndefu kidogo, na hapa ndipo ninapoona juhudi nyingi zikipotea bure. Chuma cha maharage si chepesi kufyonzwa kama cha nyama au maini. Kinahitaji msaada, na msaada huo upo sokoni. Vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule inakifungua chuma kile kwa kiwango kikubwa. Kachumbari mbichi yenye limau, chungwa, kipande cha papai, au pera. Pera lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa, na kwetu huku watoto wanayaangua mitini bila kulipa hata shilingi. Nyama kidogo au konzi ya dagaa kwenye chungu nayo inasaidia chuma cha maharage kiingie mwilini.

Kinachozuia ni chai. Mama mmoja alikuja kliniki miezi miwili mfululizo, kipimo cha damu hakipandi, na anaapa vidonge vya kuongeza damu anameza na maharage anakula. Nikamuuliza anavimeza saa ngapi.

"Asubuhi, daktari, na chai. Nikinywa na maji nasikia kichefuchefu."

"Na maharage?"

"Mchana. Nashushia na chai ya rangi."

Basi tulikuwa tumefika. Tanini za majani ya chai zinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mlo kwa zaidi ya nusu. Sikumkataza chai, maana kwenye baridi ya huku ningekuwa nampa ushauri asioufuata. Nilimwomba aisogeze, saa moja au zaidi baada ya kula, na vidonge avimeze usiku kabla ya kulala kwa maji yaliyokamuliwa chungwa. Na nasisitiza kwa kila mjamzito: maharage hayachukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu. Vyote viwili vinahitajika.

Rudi kwenye muda. Ninachopendekeza kwa anayefanya kazi kutwa ni kupika chungu kikubwa mara moja au mbili kwa wiki, yakiwa yamechemshwa tu bila kuungwa. Nusu kilo ya maharage makavu inatoa zaidi ya kilo moja yaliyoiva. Yakipoa, gawa kwenye vyombo na uweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Siku tatu au nne yatakuwa salama, na kwenye friza yatakaa zaidi. Kila jioni unatoa chombo kimoja na kuunga upya. Leo kitunguu, nyanya na karoti. Kesho nazi, na watu wa Pwani hawahitaji somo langu hapo, ila nawaomba tui liwe jepesi siku za kawaida. Keshokutwa unayaponda kidogo na kuyala kwa chapati asubuhi. Asiye na friji apike ya siku moja. Yakibaki usiku ayachemshe mpaka yatokote kabla ya kulala, ayachemshe tena asubuhi, na yaishe siku hiyo.

Jiko la presha limebadilisha nyumba nyingi ninazozifahamu, liwe la gesi au la umeme. Maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa kama nusu saa, na lile la umeme hutumia chini ya uniti moja. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya misitu na mapafu ya akina mama, na pia kwa sababu jiko linaloivisha upesi linaweza kurudisha maharage mezani siku ya Jumanne.

Lakini vifaa havitoshi kama kazi yote ni ya mtu mmoja. Ninaposema watu wapike nyumbani, sitaki isikike kama nimempa mama mzigo mwingine juu ya aliokuwa nao. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akimsindikiza mkewe kliniki. Nikaanza kumweleza mama habari za kuloweka, mzee akaingilia: "Daktari, kuchambua nachambua mimi. Nikishamaliza taarifa ya habari nachukua ungo. Yeye ameshachoka." Aliongea bila kujisifu, kama mtu anayetaja kazi yake ya kawaida. Ninawaona watu wengi ambao ugonjwa umewafanya waulize maisha yao yana maana gani, na sina jibu kubwa la kuwapa. Ninachokijua ni kwamba mtu anayeandaa leo chakula ambacho mwenzake atakula kesho ana sababu ya kuingojea kesho. Kijana wangu wa chipsi mayai nilimshauri apike chungu kimoja Jumapili na amgongee mlango jirani mwenye bakuli tupu. Sasa wanapokezana, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na wanakula pamoja.

Watoto waingie jikoni, wa kiume na wa kike. Mwenye miaka sita anaweza kuchambua, na huona jiwe kabla yako. Mwenye miaka kumi anaweza kupewa zamu ya kuloweka na kumwaga maji asubuhi kabla ya shule.

Jambo la mwisho ni sahani. Napenda familia ile pamoja, na sinia moja lina heshima yake. Ila mtoto mdogo apakuliwe sahani yake pembeni ya sinia, akiwa katikati ya wenzake. Aliyefikisha miezi sita anaweza kuanza maharage yaliyoondolewa maganda na kupondwa vizuri, yakachanganywa na kijiko cha mafuta au parachichi. Akila kwenye sinia, wakubwa wana mikono ya haraka, na hutajua amekula matonge mawili au kumi. Kwenye sahani yake unaona alichobakiza, na asipomaliza unajua kwamba saa mbili baadaye atahitaji kulishwa tena.